Dau Likikubaliwa, Fedha Zinakwenda kwa Nani?

Leo matokeo ya uwanjani tunayaweka kando. Nataka tuingie sokoni, kwenye usajili, tena usajili wa ndani ya kompyuta: ile michezo ambayo unapewa klabu, unapewa bajeti, unaambiwa wewe ndiye meneja, haya, tafuta wachezaji. Vijana wengi wanaifahamu Football Manager. Wengine wako Hattrick, ule mchezo uliozaliwa Sweden mwaka 1997 na kuchezwa kwenye intaneti mpaka leo. Hata wewe ambaye hujawahi kuigusa michezo hii, usizime redio. Ninachotaka kukisema kinagusa pia mkataba wa karatasi ambao kijana wa mtaani kwako anaweza kuwekewa mbele dirisha dogo likifunguliwa.

Nacho ni hiki. Katika usajili tunapenda kuulizana dau ni kiasi gani. Mimi naona swali zito zaidi ni dau hilo limewekwa mbele ya nani, na katika hatua ipi. Kanuni za mnada ndizo zinazoamua fedha ziingie kwa klabu inayouza, kwa mchezaji mwenyewe, au kwa wakala wake. Zibadilishe kanuni, mchezaji akiwa yuleyule na kipaji chake kilekile, utaona fedha zikihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Tuanze na Football Manager. Mizizi yake iko kwenye Championship Manager ya mwaka 1992, kazi ya ndugu wawili wa Uingereza, Paul na Oliver Collyer. Humo ndani, ukimtaka mchezaji mwenye mkataba na klabu nyingine, unaanza kwa kuiandikia klabu yake na kuweka dau. Dau hilo si namba moja peke yake. Unaweza kulipa sehemu taslimu na sehemu kwa awamu za miaka kadhaa. Unaweza kuahidi nyongeza akifikisha mechi 50 za ligi, au akifunga mabao kadhaa, au akiichezea timu ya taifa. Unaweza kuwaachia wauzaji asilimia ya fedha za siku utakapomuuza wewe. Unaweza kuwapa na mchezaji wako juu yake. Nao wanakujibu: kipengele hiki tumekifunga, hakiguswi, lakini hiki kingine tunaweza kuzungumza. Mnavutana hivyo mpaka mkubaliane au wachoke na wewe.

Wakikubali, mgeni wa mchezo huu anashangilia. Kumbe ameruhusiwa kupiga hodi tu. Klabu hiyohiyo inaweza kuwa imekubali madau ya klabu tatu, na sasa zote tatu zinasubiri kuzungumza na mtu mmoja. Hapo unaanza mnada wa pili, na huu wa pili ndio ninaotaka tuutazame kwa makini, kwa sababu klabu nyingi za kwenye kompyuta zinafia hapa.

Katika mnada wa pili unakaa na wakala. Anataka mshahara wa wiki. Anataka fedha ya kusaini, na yake mwenyewe ya uwakala. Anataka bonasi ya bao, posho ya kila mechi, hata posho ya mechi ambayo mteja wake atakaa benchi bila kuingia. Anataka ujibu mteja wake atakuwa nani kikosini: nyota, mchezaji wa kila wiki, au wa akiba? Jibu hilo linaandikwa, na ukimwahidi nafasi kisha ukamweka benchi, atakuja ofisini kudai. Wakala ana subira yenye kikomo. Ukibana sana ananyanyuka, na mazungumzo yamekufa hata kama klabu yake ilishakubali dau lako.

Halafu vinakuja vipengele ambavyo mchezaji wa gemu asiye mwangalifu huvipitisha ili amalize haraka. Mshahara upande kila mwaka kwa asilimia fulani. Upande tena timu ikipanda daraja. Mchezaji aruhusiwe kuondoka ikija klabu yenye kiasi fulani cha fedha. Na kimoja hatari kuliko vyote kwa maoni yangu: kile kinachosema mchezaji huyu alipwe sawa na yeyote anayelipwa zaidi kikosini. Ukikikubali kwa wachezaji wanne, mwakani unamsajili straika mmoja wa mshahara mkubwa, na wale wanne wote wanapandishwa siku hiyohiyo. Ulidhani umelipia mtu mmoja, umelipia watano.

Tufanye hesabu kidogo, msikilizaji, maana hapa ndipo kijana anapojifunza. Una wachezaji wawili mezani. Wa kwanza ana miaka 22, klabu yake inataka pauni milioni 6, naye anataka mshahara wa pauni 20,000 kwa wiki kwa miaka minne. Wa pili ana miaka 29, mkataba wake umekwisha, ni mchezaji huru, anataka pauni 45,000 kwa wiki kwa miaka minne, pamoja na milioni moja ya kusaini na nusu milioni ya wakala. Wengi watamkimbilia wa pili kwa sababu ni wa bure. Sasa piga hesabu. Wa kwanza: mishahara ya miaka minne ni pauni milioni 4 na 160,000, ukijumlisha na ada yake inakuwa milioni 10 na 160,000. Wa pili: mishahara pekee ni milioni 9 na 360,000, ukiongeza ile milioni moja na nusu unafika milioni 10 na 860,000. Yule wa bure ndiye ghali. Na mkataba ukiisha ana miaka 33, hakuna atakayemnunua kwako, wakati yule wa kwanza akiwa na miaka 25 unaweza kuwa umeshamuuza kwa faida.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa hesabu hiyo. Jumla zimekaribiana. Kilichotofautiana ni nani amelipwa. Kwa kijana wa miaka 22, milioni 6 zimekwenda kwa klabu na milioni nne na kidogo kwake. Kwa yule mchezaji huru, klabu yake ya zamani haikupata hata senti, zote zimegawanywa kati yake na wakala wake.

Mambo haya hayakubuniwa na watengeneza gemu. Wameyachukua kwenye maisha, na yana tarehe yake. Jean-Marc Bosman alikuwa mchezaji wa RFC Liège ya Ubelgiji. Mwaka 1990 mkataba wake uliisha, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, na klabu yake ikamzuia kwa kudai ada, ingawa hakuwa na mkataba nayo tena. Akaenda mahakamani. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji raia wa Umoja wa Ulaya ambaye mkataba wake umekwisha anaweza kuhamia nchi nyingine ya umoja huo bila klabu yake ya zamani kulipwa. Kabla ya siku hiyo, katika nchi nyingi mchezaji aliyemaliza mkataba alikuwa bado kama mali ya klabu. Baada yake, zile fedha zilizokuwa zikienda kwa klabu zikageuka mshahara na fedha ya kusaini. Kila unapomwona kwenye Football Manager mchezaji aliyebakiwa na miezi sita akizungumza na klabu za nje bila kuomba ruhusa, hiyo ni kesi ya mtu mmoja wa Ubelgiji inafanya kazi ndani ya kompyuta yako.

Sasa niwapeleke kwenye besiboli, kwa sababu huko kuna mfano ulio wazi kuliko wote ninaoufahamu. Klabu za Japani na zile za ligi kuu ya Marekani zilikuwa na utaratibu wao wa kuhamisha mchezaji ambaye bado ana mkataba Japani. Klabu yake inatangaza kwamba huyu anapatikana. Kila klabu ya Marekani inayomtaka inaandika dau lake kwa siri, bila kujua wenzake wameandika ngapi. Mwenye dau kubwa ndiye peke yake anayepewa siku 30 za kuzungumza na mchezaji. Wakikubaliana, dau linalipwa kwa klabu ya Japani. Wasipokubaliana, halilipwi na mchezaji anarudi alikotoka.

Novemba 2006 ilikuwa zamu ya mrushaji Daisuke Matsuzaka wa Seibu Lions. Boston Red Sox waliandika dola 51,111,111 na senti 11. Fedha zote hizo zilikuwa za kupata haki ya kukaa naye mezani. Wakakaa naye, wakala akiwa Scott Boras, mtu mgumu sana katika kazi hiyo, na mwezi Desemba Matsuzaka akamwaga wino kwa miaka sita na dola milioni 52. Angalia namba hizo mbili zilivyolingana: klabu iliyomuuza milioni 51, aliyeuzwa milioni 52, na za kwake zimetandazwa kwenye miaka sita ya kurusha mpira. Boras alikuwa stadi, lakini angefanya nini? Mteja wake alikuwa na mnunuzi mmoja tu mezani. Ushindani wote ulikuwa umeshatokea kwenye zile bahasha za siri, na matunda yake yalikuwa yameshakwenda kwa Seibu.

Desemba 2013 kanuni ikabadilishwa. Sasa klabu ya Japani haikuweza kudai zaidi ya dola milioni 20, na klabu yoyote ya Marekani iliyo tayari kulipa kiasi hicho iliruhusiwa kuzungumza na mchezaji. Mwezi uliofuata, Januari 2014, mrushaji mwingine, Masahiro Tanaka wa Rakuten Golden Eagles, akasaini na New York Yankees miaka saba kwa dola milioni 155. Rakuten wakapata milioni 20 zao. Ni nchi zilezile, ni kazi ileile ya kurusha mpira. Mnada ulihamishwa kutoka kwenye mlango wa klabu ukapelekwa kwenye mlango wa mchezaji, na fedha zikaufuata.

Kuna jambo lingine katika zile bahasha za siri. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu minada ya maeneo ya kuchimba mafuta katika Ghuba ya Meksiko. Waliona kwamba kampuni zinazoshinda minada hiyo mara nyingi hazipati faida zilizotarajia. Sababu yake ni rahisi ukiitafakari. Hakuna anayejua kwa hakika kuna mafuta kiasi gani chini ya bahari, kila mmoja anakisia. Wengine wanakisia chini, wengine juu, na anayeshinda mnada ndiye aliyekisia juu kuliko wote. Kwa hiyo ushindi wenyewe ni dalili kwamba huenda umezidisha. Wachumi wanaiita laana ya mshindi.

Football Manager imelijenga jambo hili ndani yake kwa ustadi mkubwa. Mchezaji usiyemfahamu huoni uwezo wake kamili. Kila sifa yake, kasi, pasi, umaliziaji, ina alama kati ya 1 na 20, lakini wewe unaonyeshwa makisio tu, labda kati ya 11 na 16, mpaka umtume skauti akamtazame. Na yapo mambo ambayo hata skauti anayanusa tu, kama vile wepesi wa kuumia. Ukiona klabu nne zinamgombania mtu ambaye skauti wako hajamaliza kumtazama, na wewe ndiye unayeongoza kwa dau, huo ndio wakati wa kujiuliza wale watatu waliokuachia wameona nini. Taarifa hizo za wachezaji hukusanywa na watu zaidi ya elfu moja duniani kote, na mwaka 2008 klabu ya Everton iliingia makubaliano ya kuzitumia katika utafutaji wake halisi wa wachezaji.

Hattrick wao wamechagua njia tofauti. Huko anayeuza anamtundika mchezaji sokoni, uwezo wake unaonekana na kila mtu, na mnada unaendeshwa hadharani kwa siku tatu. Wanaonunua ni binadamu wenzako waliotapakaa duniani. Kuna kanuni moja naipenda: mtu akipandisha dau ndani ya dakika tatu za mwisho, muda unasogezwa mbele ili wengine wapate nafasi ya kujibu. Hakuna kuvizia sekunde ya mwisho ukamnyakua mtu kwa bei ya kutupa. Lakini huko hakuna kuvutana na wakala juu ya mkataba. Mshahara unapangwa na mfumo kulingana na uwezo wa mchezaji. Matokeo yake sehemu kubwa ya fedha za ushindani wa wanunuzi inaishia kwa klabu inayouza. Ni mnada safi, wa haki kwa wanunuzi, na mchezaji mwenyewe hana sauti humo.

Sasa nije kwenye jambo linaloitenganisha gemu na maisha. Katika Football Manager, ukiona kipengele kinachosema mchezaji huyu aachiwe kwa pauni milioni 40, ukaleta milioni 40, klabu haina ujanja. Wanaweza kukasirika, lakini mlango unafunguka. Kompyuta haijifanyi kutoelewa ilichoandika.

Julai 2013 Arsenal waliiamini njia hiyo. Walisikia kwamba Luis Suárez wa Liverpool ana kipengele kinachohusu dau lolote linalozidi pauni milioni 40. Wakapeleka pauni 40,000,001. Ile moja ya mwisho ndiyo iliyokusudiwa kukiamsha kipengele. Liverpool wakakataa. Kukazuka mabishano: je, kipengele kinailazimisha klabu kuuza, au kinailazimisha kuzungumza tu? Suárez alibaki, akafunga mabao 31 ya ligi msimu uliofuata, na mwaka 2014 akauzwa Barcelona kwa fedha nyingi zaidi. Mwezi Machi mwaka huohuo wa 2014, mmiliki mkuu wa Liverpool, John Henry, alisema hadharani kwamba kipengele cha kumwachia kilikuwepo, ila wao waliamua kutouza. Na huyu John Henry ndiye mmiliki mkuu wa Boston Red Sox, wale wa bahasha ya Matsuzaka. Mtu mmoja, minada miwili: kwa mmoja alilipa dola milioni 51 ili aruhusiwe kuzungumza, kwa mwingine alikaa upande wa muuzaji na kuona kipengele kilichoandikwa kinaweza kusubiri.

Hispania huwezi kufanya hivyo kirahisi, kwa sababu huko haki ya mchezaji kuuvunja mkataba kwa kulipa fidia imo kwenye sheria ya nchi. Agosti 2017 Barcelona hawakutaka Neymar aondoke, lakini euro milioni 222 zilipowasilishwa, akaondoka kwenda Paris Saint-Germain. Maneno ya mkataba yana nguvu kadiri ya sheria iliyo nyuma yake. Jambo hili gemu haiwezi kukufundisha, na ni lazima tulisisitize tunapozungumza na vijana wetu.

Maana soko hili halipo mbali na sisi. Mtanzania Mbwana Samatta alipita African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, kisha Genk ya Ubelgiji Januari 2016, kisha Aston Villa Januari 2020. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya ada inatengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Hii nayo ni kanuni ya mnada. Inachukua sehemu ya dau linalowekwa Ulaya na kuielekeza kwenye uwanja wa vumbi ambako mtoto alianzia. Lakini klabu isiyo na kumbukumbu za usajili wa watoto wake, tarehe walizoingia na tarehe walizotoka, itapata shida kuthibitisha kwamba inastahili. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu huko Paris, Clearing House, cha kupitisha malipo hayo, nacho kinafanya kazi kwa kumbukumbu hizohizo za usajili.

Na angalia kanuni hiyo inavyokutana na ile ya Bosman. Mchezaji akiondoka huru, ada ya uhamisho ni sifuri, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Mchezaji anaweza kuneemeka kwa mshahara mnono, na klabu iliyomfundisha kupiga mpira ikabaki mikono mitupu. Sisemi kwamba mchezaji afungwe minyororo kwa ajili hiyo. Bosman alikuwa na haki, na mahakama iliamua sawasawa. Nasema viongozi wa klabu zetu wasisubiri mpaka mwezi wa mwisho ndipo wakumbuke kwamba kijana wao ana mkataba unaokwisha. Hata mtoto wa miaka 15 anayecheza Football Manager anajua kuangalia safu ya tarehe za mikataba mwanzoni mwa msimu.

Kwa hiyo ombi langu kwa watu wa aina mbili. Wewe unayecheza gemu hizi, usiku wa leo ukimtaka mchezaji, andika kwanza kikomo chako, mshahara ukiwemo, kabla hujapeleka dau la kwanza, na ukifika kwenye kikomo muache aende. Na wewe kijana unayecheza mpira wa kweli, siku ukiwekewa mkataba mbele, usikubali kuharakishwa. Omba nakala uende nayo nyumbani. Itazame tarehe ya mwisho, kitazame kipengele cha kuondoka kama kipo na kimeandikwaje, na umtafute mwanasheria akusomee kila mstari kabla hujamwaga wino.